Dizeli ya Nahodha Kimya

Mimi ni fundi wa mashine za boti, na kazi hii imeninyima subira. Ukiniletea mashine nikakuuliza imeanza lini kukohoa, nijibu hilo hilo. Usinianzie hadithi ya namna ulivyoinunua. Kwa hiyo sijui niliwezaje kuishi na shemeji yangu miaka yote ile bila kumrushia spana.

Shemeji yangu ni mume wa dada yangu mkubwa, na ni nahodha wa boti ya uvuvi. Ufukweni wanamwita Nahodha Kimya. Ni mtu mrefu, mabega yameinama kidogo kwa kuvuta nyavu, na maneno yake ni ya kuhesabika. Akisema, anasema kwa sauti kubwa kama anayemwita mtu wa ng'ambo, halafu anafunga mdomo na kukutazama usoni mpaka wewe mwenyewe unaanza kujitilia shaka. Watu waliona hiyo ndiyo heshima ya unahodha. Mimi niliona ni kiburi, na nilimwambia dada hivyo zaidi ya mara moja.

Kwenye boti yake hakuna kusema. Hilo ndilo sharti alilompa kila mvuvi mpya: samaki ana masikio, ukitaka kupiga soga kabaki nyumbani na mkeo. Kila kitu kilikwenda kwa mikono. Ngumi ni simama. Kiganja kilichofunuliwa juu ni tayari, washa. Vidole viwili ni shusha wavu. Aliyekaa mbele akiona mwamba alivuta kamba iliyofungwa kwenye kifundo cha mguu wa nahodha. Siku moja nilishindwa kuvumilia nikamuuliza, "Shemeji, mashine inanguruma kama kinu cha kusaga, sasa samaki atasumbuliwa na mtu kupiga chafya?" Akanitazama, akatikisa kichwa kwa upole, akasema, "Ndiyo, leo upepo ni mzuri." Niliondoka pale nimefura.

Ubaya ni kwamba samaki alikuwa anawapata. Alijua kusoma rangi ya maji na mzunguko wa ndege kuliko mtu yeyote tuliyemjua, na boti yake ilirudi imelemewa wakati za wenzake zinarudi na vidagaa vya kulishia paka. Wenzake hawakuuliza, wakaiga. Haukupita muda mrefu boti zote za ufukwe wetu zikawa zinavua kimya. Hata nahodha mmoja tuliyemwita Redio, ambaye hakubandikwa jina hilo bure, alijifunga kitambaa mdomoni kila alipoingia botini ili asijisahau. Wake zao walilalamika kwamba waume wanarudi na maneno ya siku nzima yamewajaa kooni, wanayamwaga sebuleni mpaka watoto wanaomba kwenda kulala. Ungesimama ufukweni boti zikitoka, ungedhani wote wanakwenda kuzika.

Kisha mashine ya shemeji ikafa. Niliipasua nikakuta pistoni imeyeyuka, nikamwambia hii si ya kutengeneza tena, hii ni ya kuuza chuma chakavu. Ikabidi atafute nyingine, na hapo ndipo matata yalipoanza.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni mashine ya kupachika, kama ile iliyokufa: unaibana kwa skrubu mbili nyuma ya boti, inakunywa petroli, ina mbio, na ikiharibika unaibeba begani unamletea fundi. Ya pili ni dizeli ya ndani. Hiyo inakaa katikati ya boti juu ya kitanda chake cha mbao, nzito, haina haraka, lakini mafuta inayaonja tu, na ukiitunza itamzika aliyeinunua. Ila dizeli inataka shafti, chuma kirefu cha kuzungusha pangaboi majini, na shafti inataka shimo. Unatoboa boti nyuma, chini ya usawa wa maji, unapenya mbao mpaka utokee ndani. Ukishatoboa umetoboa. Ukibadili mawazo, boti haibadiliki nawe.

Mimi nilitaka ya kupachika. Ufukwe wetu una maji mafupi na mafungu ya mchanga. Mashine ya kupachika ukiona mchanga unainyanyua, ya ndani inakwama hapo hapo na pangaboi lake. Nilimweleza shemeji hayo yote karakana kwangu, nikiwa nimeinama kwenye mashine ya mtu mwingine. Nikamuuliza, "Sasa ukikwama kwenye mchanga utafanyaje?" Akanijibu, "Kweli kabisa, dizeli mafuta yake ni nafuu." Nikainua uso nikamtazama. Alikuwa anatabasamu. Niliona ananidharau mbele ya wateja wangu.

Lakini hasira zangu zilikuwa za bure ukizilinganisha na za dada. Mbao za boti ile zilikatwa kwenye miti aliyoirithi kwa baba yetu, kila ubao. Dada hakuwa na neno na dizeli. Alikuwa na neno na kutoulizwa. Anauza samaki sokoni, ana utani na kila mteja, na sijawahi kumwona akitishia mtu kitu asichokusudia kukifanya. Siku alipoingia karakana na kukaa juu ya tairi bila kunitania, nikaweka zana chini.

"Nimemwambia jana akiwa anafunga viatu," alisema. "Nimemwambia leo akiwa ananawa. Nikamwambia, baba watoto, kabla hujatoboa boti kaa chini tuzungumze. Hajibu. Ananipa kisogo kama vile anayesema ni kuku. Sikio la kufa halisikii dawa, mdogo wangu. Akiitoboa ile boti bila kunijibu hata neno moja, mimi nahamia kwako. Nitolee vyuma vyako kwenye kile chumba cha nyuma."

"Dada, mtu haachi ndoa kwa sababu ya shimo."

"Shimo gani? Wewe unafikiri nasema habari ya shimo? Miaka mingapi nimekuwa mtu wa kukisemesha kisogo? Amenichoka. Basi aseme amenichoka, ana mdomo."

Akaondoka. Wamezaa pamoja, wamezeeka pamoja, na sasa nyumba nzima ilikuwa imening'inia kwenye tundu la upana wa kikombe. Nikakimbilia kwa muuza mashine nikamwomba aniazime moja ya kupachika, mpya kabisa, ya kujaribia. Nilijiambia kwamba shemeji akiionja mbio yake ataisahau dizeli. Boti itabaki nzima, na ndoa vilevile.

Tulitoka ufukweni watu watatu: shemeji nyuma kwenye mashine, mimi mbele, na katikati mpwa wangu, mtoto wao wa kwanza, mwanamume mwenye mke na ndevu zake. Dada alisimama ukingoni na beseni lake la samaki, maji yakimfika kwenye vifundo. Sijui alikuja kutazama mashine au kutazama ndoa yake. Redio na wenzake walikuwa wameketi kwenye mchanga wanashona nyavu, kimya kama kawaida yao.

Hatukufika mbali. Bado maji yalikuwa ya kifuani mashine ilipokoroma ikazimika. Kipande cha wavu uliotupwa kilikuwa kimejisokota kwenye pangaboi. Ningependa tuinyanyue, lakini pini ya kuifungulia iinuke ilikuwa mpya na ngumu, haikutoka. Mpwa wangu akashika kisu, akaruka majini nyuma ya boti, akazama. Akaibuka na tambara la wavu, akalirusha ndani, akazama tena. Shemeji alikaa ameelekea mbele, ananitazama mimi, kamba ya kuwashia iko mkononi, anasubiri ishara.

Kichwa cha mpwa wangu kikaibuka nyuma ya mashine. "Bado! Mguu umenasa! Msiwashe!"

Nikasimama. Nikainua mkono juu, kiganja wazi, kama mtu yeyote anavyomzuia mwenzake, nikapiga kelele, "Subiri!"

Mimi si mvuvi. Nilisahau kwamba kwenye boti ile mkono una maneno yake. Shemeji aliona kiganja kilichofunuliwa, akaitikia kwa kichwa, akageuka, akavuta kamba.

Mashine mpya haina simile, iliwaka kwa mvuto mmoja. Mpwa wangu akapiga yowe. Mimi nikapiga yowe. Kule ukingoni beseni lilianguka na dada akalia, "Baba watoto! Mtoto! Mtoto!" Redio naye akang'oa kitambaa mdomoni akabweka, na wote waliokuwa kwenye nyavu wakainuka wakipaza sauti. Ufukwe mzima ulipiga kelele siku ile, ufukwe uliokuwa umenyamaza miaka. Na yule mtu, katikati ya kelele zote hizo, akapeleka mkono taratibu kwenye gia, uso umetulia kama anayejimiminia chai.

Sijui niliivukaje ile mbao ya kukalia. Ninachojua ni kwamba nilijikuta nyuma, nimeishika kamba nyekundu ya kuzimia na nimeing'oa. Mashine ikanyamaza. Pangaboi lilikuwa limekwisha kugeuka mara moja, likauchana mguu wa suruali ya mpwa wangu kuanzia goti, na damu ikawa inatoka kwenye ugoko wake na kuyachafua maji.

Shemeji akanigeukia amekasirika. "Umezima ya nini?" akanguruma. "Si ilikuwa inawaka vizuri?"

 Nyuma ya bega lake mwanawe alikuwa ameung'ang'ania ubao wa boti akilia, "Baba! Baba!" kama mtoto mdogo, na baba yake ananiuliza mimi habari za mashine. Nikanyoosha kidole. Akageuka, akaiona damu, na uso wake ukabadilika nikadhani ataanguka. Akamvuta mtoto kwa mikono miwili mpaka ndani, akavua shati, akapiga magoti kumfunga ule mguu. Kwa bahati Mungu alisaidia, ulikuwa mchaniko wa ngozi tu.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa. Sijui nini kilinituma. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Shemeji, nyumba yako inaungua moto."

Akaendelea kufunga.

Nikaongeza sauti. "Shemeji, wewe ni mwizi."

Akakaza fundo, akalijaribu kwa kidole. Mpwa wangu alinitazama, akamtazama baba yake, akanitazama tena, na hapo damu ikamtoka usoni kuliko ilivyomtoka mguuni. Nikakaa chini kwenye maji ya botini na suruali yangu ya kazi.

Habari ilifika ufukweni kabla ya boti, maana mpwa wangu alishindwa kujizuia. "Baba hasikii!" alipaza sauti tulipokaribia. "Jamani, baba hasikii kitu!" Redio alitusogelea ameshika kitambaa chake mkononi. Alimtazama shemeji, akakitazama kitambaa, akamtazama tena. "Yaani mimi," alisema, "nimeacha kuimba, nimeacha kukohoa, nimemeza maneno miaka yote hii, kumbe mwenzetu ni kiziwi?" Mtu mmoja akaanza kucheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.  Dada aliokota beseni lake, samaki aliwaacha pale pale walipomwagika, akatangulia nyumbani.

Tulikaa sebuleni kwao, nimefunga mlango kwa sababu dirisha lilikuwa limejaa vichwa. Shemeji alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, mikono katikati ya magoti. Mpwa wangu alinyoosha mguu wake kwenye stuli. Dada alisimama kwenye mlango wa jikoni, amejiegemeza, na sikuweza kuusoma uso wake. Kwa mara ya kwanza nilikaa mbele ya shemeji yangu nikitazama macho yake yanakwenda wapi. Yalikuwa kwenye mdomo wangu. Nikiinamisha kichwa kidogo tu, anapotea, na lile tabasamu linakuja. Tabasamu lile lile nililolichukia! Nilitamani ardhi ipasuke.

"Lilianza sikio la kulia," alisema, "upande wa mashine. Nikadhani maji yameingia. Likafuata la kushoto."

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza, nikitamka polepole.

"Nani atampa kiziwi watu sita awapeleke majini?" Sauti yake ilijaa chumba kizima. "Mngeninyang'anya boti. Sina kazi nyingine, shemeji. Nikaweka ile sheria ya kimya, nikaona mambo yanakwenda. Ile mashine kuukuu nilikuwa nautazama mkojo wake: maji yakiruka, najua inawaka. Wenzangu walipoanza kuniiga nilicheka peke yangu siku nzima. Baadaye nikaingiwa na woga, maana sasa nani angeniambia kwamba nakosea?"

"Na hii dizeli?"

Akavua viatu. Akaviweka pembeni, akakanyaga sakafu kwa nyayo tupu, miguu mikubwa iliyopasuka visigino. "Nilipanda boti ya mtu mwenye dizeli. Ile mashine inapiga mbaoni, du, du, du. Nikavua viatu nikaisikia. Nasema niliisikia! Ikipungua najua, ikizidi najua. Nilikaa mle botini nikalia, mwenye boti akadhani nina msiba."

Mpwa wangu alisogea mpaka wakawa uso kwa uso. "Baba, sitaingia majini tena wewe ukiwa nyuma. Iwe dizeli, iwe nini. Sitaki." Shemeji aliyasoma yote mpaka mwisho, hakubisha.

Mimi niliyekesha nikiitetea mashine ya kupachika nilikuwa nimeanza kuona jambo jingine. Mashine ya kupachika inamtaka mtu mmoja awe kila kitu: mkono wake ndio usukani, ndio gia, sikio lake ndilo usalama wa aliye majini. Dizeli inagawa kazi. Mmoja anashika usukani nyuma, mwingine anakaa na mashine katikati, na gia anaiingiza pale tu wa usukani anapomgusa. Na mchanga? Mchanga tungeupigia kasia. Nikamwambia hivyo, neno kwa neno, na alipokosa nikarudia. "Usukani ashike mwanao," nikasema. "Wewe ukae na mashine. Hapo nyayo zinatosha."

"Kwa hiyo nahodha si mimi tena."

"Si wewe, shemeji."

Niliona jinsi lilivyomwingia. Nimewahi kuwaambia watu habari mbaya za mashine zao, lakini sijapata kumwambia mtu jambo lililoniumiza mimi mwenyewe namna ile. Alitazama miguu yake, akaitikia kwa kichwa. Lakini boti haikuwa yangu kuitoboa, wala haikuwa yake peke yake. Sote watatu tukageuka kumtazama dada.

Dada alitoka mlangoni, akamwambia mwanawe aondoe mguu, akaivuta ile stuli mpaka mbele ya mumewe na kuikalia. Akamshika kidevu.

"Unaona ninachosema?"

"Naona."

"Siku ile nilipoanguka bafuni."

Shemeji akakunja uso. "Uliteleza. Jirani alikukuta."

"Nilikuita. Ulikuwa uani umenipa mgongo, unashona wavu. Mimi niko sakafuni, nakuona kwenye upenyo wa mlango. Nikakuita baba watoto. Nikakuita jina lako la utotoni. Nikakuita mpaka koo likakauka. Ukainuka, nikasema anakuja. Ukavaa kofia yako, ukaenda zako baharini."

 Mkono wa kushoto wa dada haunyooki mpaka leo, na sisi wote tulijua kwamba aliteleza kwenye sabuni akiwa peke yake nyumbani. Kwamba kulikuwa na mtu uani hakuwahi kumwambia yeyote. Hakuniambia mimi, hakuwaambia wanawe. Alipika, akafua kwa mkono mmoja, akalala kitanda kimoja na mtu ambaye yeye aliamini kwamba alimsikia akilia akavaa kofia.

 Shemeji alisema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua kwamba anayo.

"Uliniita?"

Dada aliangukia magoti ya mumewe akalia. Alilia kwa sauti ya kutisha, na mpwa wangu akaziba masikio, na vichwa vya dirishani vikaondoka kimoja kimoja kwa aibu. Shemeji alimtazama mgongo unavyotikisika, hajui kama analia au anamtukana, mikono yake imebaki hewani.

Baadaye dada alijifuta uso kwa kiganja, akamgusa goti ili amtazame.

"Toboeni," akasema. "Siendi popote."